GHOROFA ZA UBARUKU ZIPIMWE SASA

Wako watu hapa Ubaruku wasemao kwamba tetemeko la ardhi ni shauri la Wajapani. Tumeyasikia maneno hayo hata kwa watu waliosoma, nasi twasema wazi kuwa ni maneno ya hatari.

Tarehe 13 Disemba 1910 nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika. Bonde letu la Usangu ni tawi la ufa ule ule. Tena udongo wetu laini, unaotupa mpunga, huzidisha mtikisiko kuliko mwamba. Wazee wa 1910 walilala katika nyumba za miti na udongo. Leo pesa ya mpunga inapandisha zege.

Ndugu wananchi, zege lina nguvu ya kubeba mzigo wa kutoka juu. Likivutwa au kupindwa hupasuka, ndiyo maana hutiwa nondo. Tetemeko halisukumi kutoka juu. Husukuma kwa ubavu. Fundi akiziweka ringi za nguzo mbali mbali ili kuokoa fedha ya tajiri, nondo hubenuka, zege humeguka, na sakafu ya juu humlalia aliye chini. Tazameni pia yale majengo ambayo chini yameachwa wazi kwa maduka, nguzo tupu bila kuta, na juu vyumba vimejaa tele. Hapo chini ndipo pa kuvunjika kwanza.

Tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka likaua watu 36. Ardhi haikutikisika hata kidogo! Je, ingetikisika?

Tarehe 10 Septemba 2016 ilitikisika Kagera, kwa ukubwa wa 5.9 tu. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Wakaguzi wakaja baadaye, kupima nyufa.

Sisi tunataka waje kabla. Wasituambie hakuna fedha; kazi ya kwanza ni ya miguu na macho. Mhandisi apite mtaa kwa mtaa, aandike unene wa nguzo, ghorofa zilizoongezwa nje ya ramani, maduka yasiyo na kuta. Yale mabaya ndiyo yapigwe nyundo ya kupimia zege. Aanze na madarasa ya watoto, kisha zahanati, halafu matajiri.

Halmashauri ya Mbarali itutajie siku.