Mkoromo Ukikatika, Usikae Kimya

Ndugu zangu wa Samburu, nanyi wa Taru, Mackinnon Road na Kinango, mpaka huko Ukunda na Msambweni: nyumbani kwenu nani hukoroma?

Najua wengi mmecheka. Mkoromo ni jambo la utani majumbani mwetu. Watoto humwigiza babu yao, mama huhamia kwenye mkeka wa watoto, na asubuhi watu hunywa chai siku ikaendelea. Na kweli, mkoromo wa mtu aliyechoka au mwenye mafua mara nyingi hauna neno.

Ninaloomba tulisikilize leo ni jingine. Mtu anakoroma kwa nguvu, halafu ghafla kimya. Kifua kinajaribu kupanda lakini hewa haipiti. Zinapita sekunde kumi, ishirini, pengine zaidi. Kisha anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka ubavu, na mkoromo unaanza upya. Umewahi kumsikia mtu wako akifanya hivyo?

Madaktari huiita hali hii apnia ya usingizi. Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu hulegea mno, ulimi na nyama laini za koo zikaziba njia ya hewa. Oksijeni hushuka katika damu, ubongo unashtuka, na mwili unaamka nusunusu ili upate kuvuta pumzi. Mwenyewe hana habari. Asubuhi atakwambia amelala usiku kucha.

Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 hadi 14 kwa saa, tatizo huhesabiwa kuwa dogo. Ikifika mara 30 au zaidi, ni kali. Hebu piga hesabu: mara 30 kwa saa, kwa saa saba za kulala, ni mara 210 katika usiku mmoja. Je, huyo amelala kweli?

Hapa kwetu, mtu anayeamka akihema na kushika koo huambiwa amekabwa na jinamizi. Sitamcheka anayesema hivyo, kwa sababu hofu anayoamka nayo ni ya kweli kabisa. Mwenye kuomba dua na aombe. Ila akimaliza, asubuhi afike pia hospitali.

Kwa nini nalisema hili kwa uzito? Kwa sababu jambo hili haliishii kooni, linafika kwenye akili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakiongozwa na Maiken Nedergaard, walionyesha kwa kutumia panya kwamba ubongo unapolala husafishwa na majimaji yanayopita ndani yake, nayo hubeba taka haraka kuliko ukiwa macho. Miongoni mwa taka hizo kuna protini iitwayo beta-amiloidi, ile ile inayoonekana imerundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, aina moja ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Sasa mfikirie mama anayefagia uwanja alfajiri, kisha kila baada ya dakika mbili anaitwa ndani. Uwanja huo utakwisha lini?

Kwa binadamu nako ushahidi upo. Mwaka 2011 Dkt. Kristine Yaffe wa California na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 298, wengi wao wakiwa na miaka themanini na kitu, ambao mwanzoni akili zao zilikuwa timamu. Walipimwa usingizi, kisha wakafuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Kati ya 105 waliokuwa na shida ya pumzi usiku, 47 walipata upungufu wa kumbukumbu au ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Kati ya 193 wasiokuwa nayo, walikuwa 60. Kwa asilimia ni karibu 45 kwa 31. Kilichohusiana zaidi na kusahau huko kilikuwa uhaba wa oksijeni.

Nisiwaambie zaidi ya yaliyopo. Utafiti wa namna hii unaonyesha kwamba mambo mawili yanatembea pamoja, na wataalamu bado wanachunguza ni kwa kiasi gani kutibu pumzi kunazuia kusahau. Lakini tayari inajulikana kuwa apnia huenda sambamba na presha, maradhi ya moyo na kiharusi, na kila kimoja kati ya hivyo nacho huudhuru ubongo. Sababu za kuanza kuchukua hatua hazipungui.

Nataka nikae kidogo hapa, kwenye suala la wazee wetu, maana ndilo linaloniuma.

Mzee anasahau jina la mjukuu. Anatoka usiku, anaonekana kwenye boma la jirani, hajui amefikaje. Anazungumza peke yake. Hapa Pwani, Kilifi na hata kwetu Kwale, wazee wa namna hiyo wameshukiwa uchawi. Wengine wamefukuzwa makwao, wengine wamepoteza maisha. Kule Ganze, Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kimewapa hifadhi wazee waliokimbia. Ni wazazi wetu hao. Je, kabla ya kunong'ona, tumewahi kumuuliza nyanya analalaje?

Sisemi kila mzee anayesahau ana tatizo la pumzi. Kusahau kuna mizizi mingi: kiharusi, sukari, upungufu wa vitamini, huzuni ya kufiwa, hata baadhi ya dawa. Nasema tu kwamba mzee anayesahau ni mtu wa kupelekwa kwa daktari, tena mapema, kwa sababu baadhi ya mizizi hiyo inatibika. Vijana, hili mnaliweza. Ninyi ndio wenye simu na nauli ya bodaboda, na babu huwasikia ninyi kuliko anavyomsikia mganga.

Na wewe kijana wa makamo, wewe ndiwe ninayekuhitaji zaidi. Mara nyingi madhara ya ubongo hujijenga miaka mingi kabla ya mtu kuanza kusahau. Unaamka na kichwa kizito? Kinywa kikavu? Unaenda haja ndogo mara tatu usiku ingawa hukunywa maji mengi? Unasinzia msikitini au kanisani hotuba ikiwa bado changa? Presha yako haishuki ingawa dawa unameza? Mkusanyiko wa dalili hizo unastahili kusemwa kwa daktari. Wanaume hupata zaidi, na wanawake wakishakoma hedhi nao hupata. Unene na shingo nene huongeza hatari, ila usijiamini kwa kuwa mwembamba. Umbo la taya na koo pia huchangia.

Sisi wa Samburu tunaishi kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Malori hupita hapa usiku na mchana, na madereva wengi ni ndugu na wageni wetu. Dereva ambaye pumzi yake hukatika usiku husinzia kwenye usukani ingawa alipumzika. Wengine hutafuna muguka ili macho yasifumbe. Muguka utayafungua macho kwa muda, lakini ubongo utabaki na deni lake. Mama nitilie mwenye kibanda cha chai, utingo, mlinzi wa maegesho, ninyi huwaona madereva hawa wakilala ndani ya kabini. Ukimsikia akikoroma na kukatika pumzi, mwambie kwa upole akiamka. Utakuwa umewasaidia wengi asiowajua hata yeye.

Na ninyi mameneja wa hoteli za Diani, wenye karakana na viwanda, na wanaosimamia walinzi wa usiku: mfanyakazi mzuri akianza kusinzia na kusahau maagizo, muulizeni kwanza kuhusu usingizi wake kabla ya kumwandikia barua ya onyo. Siku moja ya ruhusa ya kwenda hospitali haitawafilisi.

Nyumbani tuanze na nini? Leo usiku sikiliza. Mwenzako akilala chali na pumzi ikakatika, mgeuze ubavu, maana kwa wengi koo huziba zaidi wakilala chali. Mnazi au bia kabla ya kulala hulegeza koo, vivyo hivyo vidonge vya usingizi; viepukeni saa za usiku. Sigara nayo iachwe. Mwenye uzito mkubwa akipungua hata kiasi, pumzi nayo hupata nafuu. Hayo hayahitaji fedha, ingawa najua kupunguza mwili si kazi ya wiki moja, na mtu anahitaji nyumba nzima imuunge mkono, kuanzia kwenye sahani.

Wazazi na walimu, msiwasahau watoto. Mtoto anayekoroma kila usiku, mdomo wazi, halafu darasani hatulii au hashiki masomo, huenda ana mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Mpelekeni akaangaliwe koo kabla ya kuitwa mzito wa kuelewa. Wakitibiwa, wengi hubadilika.

Kwa watu wazima wenye tatizo kali kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisizibe. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan kule Sydney, na alichapisha habari zake mwaka 1981. Ni ghali kwa wengi wetu, na inataka umeme usiokatika. Lakini si kila mgonjwa anaihitaji, na hakuna anayejua kama anaihitaji mpaka apimwe.

Kwa hiyo anza karibu. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwenu anaweza kukupima presha. Mweleze na habari za usingizi. Kutoka hapo kuna hospitali ya Samburu na ya Kinango, kisha rufaa ya Msambweni au Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, ambapo mnaweza kuuliza wapi kipimo cha usingizi kinapatikana.

Jambo moja tafadhali: usiende peke yako. Aliyelala hajui alichokifanya, shahidi ni yule wa pembeni. Mama, fuatana na mumeo; mzee, fuatana na mkeo; na mjane au mkapera amwombe binti au ndugu alale chumba kimoja naye usiku mmoja. Rekodini mkoromo kwa simu, dakika chache zinatosha. Mkifika kwa daktari, kabla hajauliza kuhusu presha na sukari, msikilizisheni hiyo rekodi na mumwambie ni mara ngapi mmesikia pumzi ikikatika.