Kabla Hujalipa Ada ya Kozi ya Afya, Uliza Kwanza



Ndugu wazazi na walezi, kila matokeo ya S.4 yanapotoka, sisi walimu wa madrasa huku Mubuku huanza kupokea wageni. Mzazi anakuja na karatasi ya mtoto mkononi: "Ustadh, huyu anataka kazi ya hospitali, lakini hela ni hizi hizi za vitunguu. Tumpeleke wapi?" Swali ni zuri, na tumeona tulijibu hapa ili wengi wafaidike.

Jibu letu huwaudhi baadhi ya watu. Kozi yenye ada ndogo kuliko zote ndiyo inayokula mali ya mzazi kuliko zote. Tunakusudia ile kozi fupi ya nesi msaidizi. Matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo na steji za boda, na matokeo ya S.4 hayaulizwi sana. Mtoto anavaa sare, mnapiga picha, mnachinja mbuzi. Halafu? Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, ambalo ndilo lenye daftari la wauguzi kwa sheria ya mwaka 1996, halimsajili. Asiyesajiliwa hapewi leseni, na bila leseni hawezi kuomba nafasi ya muuguzi wilayani. Kinachobaki ni kliniki ya mtu binafsi: kufagia, kufunga vidonda, na hata kuchoma sindano asizoruhusiwa, kwa ujira usiotosha nauli na sabuni. Likitokea la kutokea, mwenye kliniki atasema hamjui. Wapo mabinti wa jirani zetu walio katika hali hiyo leo, na baadhi yao walifaulu sayansi vizuri tu.

Sasa tuje kwenye njia zenye daftari. Aliyefaulu Kiingereza, Hesabu, Baiolojia, Kemia na Fizikia anaweza kuomba cheti cha uuguzi au cha ukunga, ambacho ni miaka 2 na nusu. Hapa wilayani kwetu ipo shule ya Kagando, kule Kisinga, iliyo pamoja na hospitali yake. Akimaliza anasajiliwa, anafanya kazi, na baadaye anaweza kurudi chuoni kwa mwaka 1 na nusu kuchukua diploma, huku ada analipa mwenyewe. Mwenye utulivu na jicho la kuona vitu vidogo aangalie maabara. Wao wana baraza lao, si lile la wauguzi. Ama udaktari msaidizi, ambao unafundishwa Fort Portal, ni diploma ya miaka 3 na kwa kawaida unataka S.6 yenye sayansi. Tusimsukume mtoto huko kwa kuwa jirani kampeleka wake.

Ikiwa mnatuuliza sisi, kwa binti tungeanza na ukunga. Kituo cha afya cha daraja la 3 kina wodi ya uzazi, na wodi ya uzazi haiendi bila mkunga. Tena sisi Waislamu ndio wa kwanza kulalamika mke anapozalishwa na mwanamume. Haya, hao wakunga wa kike watatoka wapi ikiwa binti zetu tunawaozesha au tunawapeleka kozi za mkato? Na vijana wa kiume nao wasidhani uuguzi ni kazi ya wanawake. Wagonjwa wanaume wapo, nao wana aibu zao.

Wengine wanatuambia, Kagando ni ya Kanisa. Kweli. Lakini mwezi Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo akiwa na Ebola alifikishwa Kagando, na wahudumu wa pale ndio walioshuku ugonjwa huo, akahamishiwa Bwera. Alifariki, na wengine wawili wa familia yake waliugua, lakini ugonjwa haukusambaa kwa wakazi wa wilaya yetu. Elimu ile ilitukinga sote bila kuulizana dini. Muulizeni mkuu wa chuo kuhusu hijabu na swala ya Ijumaa kabla ya kulipa, siyo baada. Anayetaka mazingira ya Kiislamu, Hospitali ya Kiislamu ya Kibuli, Kampala, nayo ina shule ya uuguzi. Ila nauli na chumba cha Kampala viingie kwenye hesabu.

Ukifika chuoni usiishie getini. Omba kuona barua ya usajili wa chuo, na uliza mtihani wa mwisho unatungwa na nani. Zamani wauguzi walifanya mtihani wa UNMEB na watu wa maabara ule wa UAHEB. Kwa sheria ya mwaka 2025 bodi hizo ziliunganishwa kuwa UHPAB. Mwenye chuo akikwambia mtihani wa mwisho anautunga na kuusahihisha yeye mwenyewe, shika njia urudi nyumbani. Uliza pia kama bado wanapokea wa cheti, maana serikali imekuwa ikisema kwa miaka kadhaa kwamba inataka kubaki na diploma.

Kuhusu fedha, msiuze shamba. Ada hulipwa kwa muhula, na maji ya mfereji wa Mubuku yanatupa mavuno zaidi ya mara moja kwa mwaka. Panga vitunguu vya msimu huu kwa muhula huu. Na sisi tunaochangishana mamilioni kwa harusi ya siku moja, tunashindwaje kumchangia mtoto mmoja wa mtaa sare na vitabu?

Mwenye fomu ya chuo asichokijua, ailete madrasa Jumamosi baada ya Alasiri, kabla ya kwenda benki. Tutaisoma pamoja, na tutapiga simu kwenye baraza tukiwa naye.

Wabillaahi tawfiq.