Jina Halimo Katika Kijitabu

Msomaji mpendwa, ukiwa na mtoto anayetarajiwa kuvaa joho mwaka huu, kabla hujaulizia bei ya mbuzi na kabla hujampa mwenye matatu arubuni, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Mwambie akuonyeshe jina lake katika orodha ya watakaofuzu. Si kwamba namshuku mtoto wako, la hasha. Ni kwamba nimekaa pande zote mbili za dirisha la ofisi ya chuo kikuu, miaka 3 nje nikiwa mwanafunzi na miaka 12 ndani nikiwa karani, na niliyoyaona siku za mahafali hayaniruhusu kunyamaza.

Nianze na upande wa nje. Niliingia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1987, mwaka ule vyuo vilipopokea makundi mawili kwa mpigo. Kabla ya hapo tulikuwa tumepelekwa Gilgil kwa mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kati ya 1984 na 1990 ndiyo iliyokuwa desturi: uchaguliwe chuo kikuu, kisha ukimbizwe alfajiri ukiwa umevaa buti kabla ya kuonyeshwa darasa. Tulifika Nairobi tukiwa wembamba na wenye nidhamu. Wembamba uliondoka upesi, na nidhamu ikaufuata.

Kilichouondoa wembamba ni ile pesa ya mkopo wa serikali tuliyoiita bumu. Vijana wa leo wakisikia kwamba mwanafunzi alipewa malazi, akalishwa, halafu akapewa na pesa mkononi, hudhani tunawatungia ngano. Siku ya bumu jiji zima lilijua. Wapo walioinywa ikaisha kwa wiki moja, lakini wasikudanganye kwamba wote walikuwa hivyo. Wengi wetu tulikuwa tayari wazazi bila kuzaa. Bumu ililipa karo ya wadogo zetu, ikanunua mabati, ikamtibu nyanya. Mimi yangu ya kwanza ilimnunulia mama redio, na hadi anaaga dunia hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Shahada ya sanaa wakati huo ilikuwa ya miaka 3, na mtihani wenye uzito ulikuja mara moja kwa mwaka. Matokeo yalibandikwa ubaoni tukayasoma mbele ya macho ya kila mtu. Ubao ule haukuwa na huruma, msomaji, ila ulikuwa na faida ambayo sikuitambua hadi baadaye. Aliyeanguka alionekana na wenzake wa kijijini, na kabla ya siku ya soko habari ilikuwa imefika nyumbani. Aibu ilikuja mapema, ingali ndogo, mtu akiwa bado na nafasi ya kurudia.

Hata siasa haikufichika. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Vyuo vilipofungwa katika miaka hiyo redio ilitangaza, na ilitokea wanafunzi waamriwe kuripoti kwa chifu wa kwao. Ilikuwa ni adha, lakini mzazi alijua mtoto wake yuko wapi.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1990 vyuo vinne vya umma tulivyokuwa navyo, Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton, vilipokea kundi la mwisho la kidato cha sita pamoja na kundi la kwanza la 8-4-4. Chumba kilichojengewa watu wawili kikalala wanne, na waliokosa kabisa wakawa wanalala kwa wenzao, tukawaita mapirati. Shahada ikarefuka kutoka miaka 3 hadi 4. Serikali ikaanza kuzitaka familia zichangie gharama, na chakula kikawa cha kulipia ukilapo. Mwaka ikagawanywa mihula miwili, na mtihani mmoja mkubwa ukavunjwa ukawa vipande vingi vidogo.

Hapo ndipo nilipoingia upande wa ndani wa dirisha. Mwaka 1992 niliajiriwa karani wa kitivo katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, maana bado nina marafiki humo na wengine wao husoma ukurasa huu. Nilipewa taipureta, karatasi za kaboni na kabati la chuma lisilofungika.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mwanafunzi akichukua kozi 6 kila muhula, mihula 2 kwa mwaka, kwa miaka 4, anahitaji kozi 48. Kila moja ina alama za kazi za muhula na alama za mtihani, kwa kawaida 30 kwa 70, na kupita ni 40. Hizo ni alama 96 zinazotakiwa kutoka mikono ya wahadhiri hadi kwenye rejista bila hata moja kudondoka njiani. Mhadhiri akihama kwenda kufundisha nchi nyingine akasahau karatasi ndani ya droo, au wahadhiri wakigoma kama walivyogoma mwaka 1993 na 1994, kunabaki shimo. Mwenye kozi 47 zilizokamilika na shimo moja, kwa macho ya kitivo, hajamaliza.

Wenye mashimo ya namna hiyo ndio waliopiga kelele dirishani kwangu, na haki walikuwa nayo. Lakini kelele ni dalili njema. Niliojifunza kuwahofia ni wale wasiokuja kabisa. Kijana ameanguka kozi mbili mwaka wa pili, akaona haya kufanya sapu. Muhula uliofuata hakujisajili, maana karo aliyotumwa nayo ameila. Muhula wa tatu amekuwa mgeni katika chuo chake mwenyewe, lakini bado anaishi mtaa ule ule, anakula na wenzake wale wale, anapiga simu nyumbani kuomba pesa za utafiti wa mwaka wa mwisho. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo cha uongo huu kina tarehe kamili iliyochapishwa kwenye kadi ya mwaliko.

Siku hiyo ya mahafali, katikati ya miaka ya tisini, alinijia mzee mmoja amevaa suti ya kahawia na kofia mkononi. Nyuma yake alikuwapo mkewe na leso mpya, na nyuma yao watu kama kumi na wanne na mashada ya karatasi za kumetameta. Walikuwa wamesafiri usiku kucha.

"Mama," akaniambia kwa adabu, "hiki kijitabu nimekisoma mara tatu. Nadhani mpiga chapa amemruka kijana wangu."

Nilikuwa nimewahi kusikia maneno hayo kutoka kwa wengine, na mara mbili ilikuwa kweli mpiga chapa ndiye mwenye makosa. Nikaomba jina, nikaingia ndani, nikafungua rejista. Alama za mwisho za kijana yule zilikuwa za mwaka wa pili. Baada ya hapo mistari ilikuwa mitupu.

Kanuni ilisema faili ni ya mwanafunzi, si ya mzazi. Nikarudi dirishani nikamwambia, "Mzee, huyu ni mtu mzima, heri umwulize mwenyewe." Akanitazama. Halafu akauliza kama anaweza kupata kiti cha mkewe. Hakuuliza kitu kingine. Nilijua ameelewa, naye alijua kwamba najua.

Walikaa chini ya mti. Saa saba wakafungua vyakula vyao, chapati na kuku, wakala kimya huku wale majirani wakijifanya kuusifu uwanja. Kijana alitokea karibu saa kumi, sherehe ikiwa imekwisha, amevaa joho la kukodi na kofia imekaa upande. Alikuwa akicheka sana. Mama akapiga vigelegele, mashada yakamwagwa shingoni, mpiga picha akaitwa. Baba akasimama kando ya mwanawe, akavaa kofia yake, akaivua, akaambiwa atabasamu. Akatabasamu. Nilitazama haya yote kupitia dirisha langu. Huenda picha ile ipo ukutani hadi leo, na sijui kama mama aliwahi kuambiwa.

Utauliza, mbona mimi au mkuu wa kitivo hatukuandika barua nyumbani miaka miwili nyuma? Jibu ni kwamba barua zetu zilipelekwa kwa anwani aliyoijaza mwanafunzi, na huyo ndiye aliyezifungua. Leo mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu, na matokeo ya mtoto wako aliyetimiza miaka 18 ni habari zake. Karani akikataa kukusomea, usimtukane. Isitoshe, ubao wa matangazo umekufa. Kila mwanafunzi huyaona matokeo yake peke yake kwenye simu, kwa nywila yake. Hayupo tena yule mwana wa jirani wa kuvujisha siri.

Na gharama zimepanda. Tangu mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza mwaka 2023, kila familia hupimwa uwezo wake, na bili inayobaki inaweza kuwa nzito. Nyumba inayouza ng'ombe kila muhula ni nyumba ambayo mtoto huona vigumu zaidi kuiambia, "Nimeanguka." Kwa hivyo, mzazi, chagua saa ya kuuliza. Usiulize mezani mbele ya wajomba. Mkae wawili, mwombe afungue ukurasa wake wa matokeo mbele yako, mwaka baada ya mwaka, na ukiona pengo usianze na hesabu ya ng'ombe.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya huku ukijua kuna kitu hujasema, kuna njia ambayo wengi hawaijui: kuahirisha masomo. Nakumbuka msichana aliyekuja mwaka 1996, baba amelazwa na karo hakuna. Nilimpa karatasi, akaandika mistari minne kumwomba mkuu wa kitivo ruhusa ya kukaa nje, nikaipiga muhuri, nikaiweka juu kabisa katika faili lake. Alirejea 1998, na nilipofungua faili barua ilikuwa pale pale, basi akaendelea na mwaka wa tatu kama aliyetoka kunywa chai. Aliyetoweka bila barua, kwa upande mwingine, hukuta jina lake limefutwa, na kumrudisha ni kazi ya vikao.

Sapu nayo hufanywa kila mwaka, na kila mwaka kuna waliofuzu wakiwa na sapu mbili tatu nyuma yao ambazo hakuna mwajiri aliyewahi kuwauliza. Ofisi za vitivo hufunguliwa saa mbili asubuhi. Nenda Jumanne au Jumatano. Jumatatu huwa na foleni, na Ijumaa mchana karani ana yake ya kufanya.