Msalaba Mwekundu Ukutani



Wiki tatu zilizopita, baada ya mafundisho ya Jumamosi, wawili kati yenu walibaki ukumbini wakibishana, hata mlinzi wa parokia akaja kuuliza kama kuna ugomvi. Mmoja ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika taasisi ya binafsi ya elimu ya juu iliyo jirani nasi. Mwingine ni mtoto wa mama mjane ambaye ukuta wa nyumba yake, pamoja na kuta za nyumba nyingine kumi na moja za barabara ile, ulipakwa msalaba mwekundu mwezi uliopita. Taasisi inataka kupanuka. Imeomba barabara ile ibadilishwe katika ramani ya mji, itoke katika makazi na kuingia katika majengo ya elimu.

Mwanafunzi alisema: "Sisi tunasoma tukiwa tumesimama." Mtoto wa mjane akamjibu: "Na sisi tulale tukiwa tumesimama?" Kisha wote wawili wakanigeukia. Siku ile sikujibu. Nilisema tusali, tukasali, wakaenda zao. Haikuwa hekima, ulikuwa woga. Leo najibu.

Niseme kwanza niko upande gani, msije mkanitafuta katikati ya mistari. Mimi ni mwalimu wa walimu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilisomea ualimu katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya watu themanini, nasi tulikuwa zaidi ya mia tatu. Somo la saikolojia ya mtoto nililisikiliza nikiwa nje ya dirisha, daftari juu ya mgongo wa mwenzangu, naye akiweka lake juu ya mgongo wangu zamu ilipogeuka. Kwa hiyo asije mtu kunifundisha kwamba vijana wanahitaji kumbi. Sipingi taasisi ijenge. Napinga mstari uliochorwa, na zaidi ya mstari, napinga jinsi ulivyochorwa: wenye nyumba waliujua siku ile waliyoona rangi ukutani.

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Huko New York, Marekani, upo mtaa uitwao Harlem, ambao kwa miaka mingi umekuwa makao ya watu weusi, na karibu yake kipo chuo kikuu cha Columbia, kilichohamia pale juu kilimani mwaka 1897. Mwaka 1968 chuo kilianza kujenga jumba la michezo ndani ya bustani ya umma inayotenganisha kilima na mtaa. Katika mchoro, wanafunzi walikuwa na mlango wao juu, na watu wa Harlem walitengewa mlango wa chini na sehemu ndogo ya jumba. Mlango ule wa chini ulisema yote. Aprili mwaka ule wanafunzi wenyewe, weusi kwa weupe, waliyakalia majengo ya chuo. Jumba la michezo lilikuwa mojawapo ya sababu zao, pamoja na vita vya Vietnam. Polisi waliwakamata kwa mamia. Jumba halikujengwa.

Miaka thelathini na mitano baadaye, mwaka 2003, chuo kilekile chini ya rais wake Lee Bollinger kilitangaza mpango mwingine: kampasi mpya katika sehemu ya magharibi ya Harlem iitwayo Manhattanville, ekari kumi na saba, yaani karibu hekta saba. Safari hii walikuwa wamejifunza jambo. Walisema barabara zitabaki wazi, hapatakuwa na ukuta wala geti, na sehemu za chini za majengo zitapokea watu wote. Lakini ardhi ile ilikuwa imetengwa na sheria ya mji kwa karakana na viwanda vidogo, na ndani yake walikuwamo pia watu katika nyumba zipatazo mia moja thelathini. Ili kujenga, ilibidi sheria ya matumizi ya ardhi igeuzwe.

Hapa ndipo napenda mtulie kidogo. Wakazi wa pale hawakungoja kupakwa rangi. Baraza lao la mtaa lilikuwa limeandaa mpango wake kwa miaka mingi, likieleza wapi viwanda vibaki, wapi nyumba za bei nafuu zijengwe, na chuo kipanuke kwa namna gani bila kumwondoa mtu kwa nguvu. Walikuwa na ramani yao, si malalamiko tu. Agosti 2007 baraza lilipiga kura juu ya ombi la chuo: 32 walikataa, 2 walikubali. Kura ile, kwa sheria ya mji, ni ushauri. Desemba 2007 halmashauri ya mji wa New York ilipitisha mipango yote miwili, wa chuo na wa mtaa, na palipogongana, wa chuo ndio uliosimama.

Baadhi ya wenye mali walikataa kuuza. Mmoja alikuwa na maghala ya kuhifadhia vyombo vya watu, wengine vituo vya mafuta. Serikali ya jimbo ikatangaza kwamba eneo limechakaa, na kwa hiyo linaweza kutwaliwa kwa manufaa ya umma. Wataalamu walioandika ripoti ya kwanza ya uchakavu walikuwa wakilifanyia kazi shirika la serikali, na walikuwa wamekwisha kukifanyia kazi chuo juu ya mpango huohuo. Baada ya manung'uniko, serikali iliajiri wataalamu wengine, nao wakafikia jibu lilelile. Wapinzani walisema sehemu ya uchakavu ule ilikuwa katika majengo ambayo chuo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuyanunua. Desemba 2009 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi wenye mali. Juni 2010 mahakama ya juu ya jimbo ikageuza hukumu, ikisema chuo kikuu, hata kikiwa cha binafsi, hutumikia umma. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi. Leo majengo yapo, na la kwanza, la sayansi ya ubongo, lilichorwa na Renzo Piano.

Je, wakazi waliambulia patupu? Hapana. Chuo kiliahidi kutotumia nguvu ya dola dhidi ya wanaoishi katika nyumba. Mwaka 2009 kilitia sahihi mkataba wa dola milioni 150 kwa ajili ya mtaa: nyumba, kazi, shule. Niwaambie ukweli, hata fedha zile zilileta aibu yake, kwa maana shirika la mtaa lililozipokea lilichunguzwa na mwanasheria mkuu wa jimbo jinsi lilivyozitumia. Maskini akipewa sauti hageuki malaika siku hiyohiyo. Lakini bila ile ramani, bila zile kura 32, sidhani kama mkataba ungekuwapo.

Mtaniuliza, New York na sisi wapi na wapi? Sisi hatuna dola milioni 150. Sawa. Lakini sheria tunazo, na zinafanana na zao kuliko mnavyodhani. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na hati ya kadasta iliyosajiliwa ndiyo inayothibitisha haki hiyo. Katiba ya 2006, ibara ya 34, inasema mtu hawezi kunyimwa mali yake ila kwa manufaa ya umma, na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Kwanza! Neno hilo limo katika Katiba, si langu. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 nayo inaeleza utaratibu wa kutwaa. Hakuna palipoandikwa kwamba utaratibu huanza na kopo la rangi nyekundu na kijana wa kulipwa kwa siku.

Shida yetu ni nyingine. Katika nyumba zile kumi na mbili, kwa jinsi wazazi walivyonieleza, ni tatu tu zenye hati iliyosajiliwa. Nyingine zina fishi ya parseli au karatasi ya mauzo yenye muhuri wa shefu wa mtaa. Mama mjane ana karatasi ya marehemu mume wake, imekunjwa mara nne, na panapokunjwa pamekwisha kutoboka. Mbele ya wakili wa taasisi, karatasi ile ni hewa. Jueni pia kwamba kwa sheria yetu hati ikisajiliwa na miaka miwili ikapita, haishambuliki tena. Aliyedhulumiwa hubaki na kudai fidia tu. Watu wamepoteza parseli bila kusikia hatua ya mtu uani.

Tena wapo ambao hata msalaba mwekundu haukuwagusa: wapangaji. Katika kila uwanja wa barabara ile wanaishi jamaa mbili au tatu kwa kodi. Katika orodha ya taasisi hawamo. Na nusu ya wapangaji hao, wapendwa, ni wanafunzi wa taasisi hiyohiyo! Chumba ni pale, mama wa maandazi ya asubuhi ni pale, mashine ya fotokopi ni pale, makala ya kupikia bukari huuzwa pale kwa kopo. Taasisi ikiibomoa barabara ile itapata kumbi, na wanafunzi wake watatembea saa nzima kuzifikia. Sijasikia mtu aliyelipigia hesabu jambo hilo.

Nimekwenda kuangalia mwenyewe. Upande wa kaskazini taasisi ina uwanja wake, umejaa mabati na magari mabovu. Majengo yake yote ni ya chini; hakuna hata ghorofa moja. Nilipomuuliza mmoja wa wakubwa wake, kwa heshima, kwa nini wasijenge kwenda juu, alinijibu kwamba saruji na vyuma ni ghali. Naam. Hapo nikaelewa: parseli ya maskini ni rahisi kuliko saruji, na mstari ulifuata bei.

Mnakijua kisa cha Nabothi na shamba lake la mizabibu, tulikisoma pamoja wakati wa Kwaresima. Watu hukisimulia kana kwamba Ahabu alianza na wizi. Sivyo. Alianza na bei nzuri, hata akaahidi shamba bora zaidi, kwa sababu lile lilikuwa karibu na nyumba yake. Ubaya uliingia jibu lilipokuwa hapana, na tazameni jinsi ulivyoingia: kwa barua zenye muhuri, kwa mkutano ulioitishwa rasmi, kwa mashahidi wawili waliopangwa. Kila kitu kilikuwa na sura ya sheria. Simwiti mtu Ahabu. Wakubwa wa taasisi ni jirani zetu, na wengine tunasali nao. Ninachosema ni kwamba mkutano wa komini unaweza kuitishwa vizuri na karatasi zikagongwa mihuri yote, na bado swali la kwanza likawa halijaulizwa.

Haki inidai pia kusema upande wa pili. Mara nyingine chuo ndicho kilichotangulia. Lovanium ilijengwa kilimani nje ya Léopoldville mwaka 1954, na Kasapa yetu hapa Lubumbashi ilikuwa mbali na mji. Ni mji uliozifuata. Palipo hivyo, anayelalamika kwamba chuo kimemkaribia ajiulize nani alimkaribia nani. Lakini barabara hii ya kwetu ina embe ambazo marehemu katekista aliyenitangulia alizipanda kabla taasisi haijafunguliwa, nami nilizila nikiwa kijana.

Wewe mwanafunzi unayesoma umesimama, dai ukumbi. Dai kwa sauti, minervali unailipa. Ila udai ujengwe juu ya ule uwanja wa mabati, na uwaambie wakubwa wako kwamba hutaki kukaa kwenye kiti kilichowekwa mahali pa kitanda cha mwenzako wa kikundi. Maneno hayo yakitoka kwako yana uzito kuliko yakitoka kwa mjane. Mwaka ule wa 1968, nguvu kubwa ilikuwa kwamba wanafunzi wenyewe walikataa jumba lililojengwa kwa ajili yao. Nawe mtoto wa mjane, acha matusi, na mawe usiyafikirie. Chukua daftari, pita nyumba zote kumi na mbili, andika nani anaishi, tangu lini, ana karatasi gani, wapangaji wangapi. Hiyo ndiyo ramani yenu. Wanaosoma sheria katika kikundi cha parokia ya jirani wamekubali kuja Alhamisi jioni kuzikagua karatasi, bila malipo, wapeni chai.

Mkutano wa komini ni Jumanne ijayo saa tatu asubuhi. Ramani ya taasisi imebandikwa nje ya ofisi ya burugumestre, upande wa kushoto wa mlango, juu ya matangazo ya kodi. Nendeni wote wawili muisome pamoja kabla ya Jumanne, tena upesi, maana imebandikwa kwa uji wa muhogo na mvua zimekwisha kuanza.