Gego lililouawa mshipa lisiachwe bila kifuniko

Kalengera, Rutshuru – Wasikilizaji wengi, hasa jamaa waliokimbia vita kisha wakarudi, wananisimulia jambo moja. "Nililipa dola zangu, muganga akaua mshipa wa jino, akaliziba. Miezi michache baadaye nikatafuna muhindi wa kuchoma, likapasuka vipande viwili." Ninawaelewa. Gego langu la chini lilipasuka vilevile, nikaishia kung'olewa.

Tusilaumu muhindi. Maoni yangu ni kwamba tunalipia nusu ya kazi.

Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walipima meno yaliyokwisha kung'olewa. Tundu la kufikia mizizi lilipunguza ugumu wa jino kwa asilimia 5 tu. Lakini jino lililochimbwa toka mbele hadi nyuma, kingo zote mbili zikaondoka, lilipoteza asilimia 63. Basi si kuua mshipa kunakolimaliza jino. Ni nyama ya jino iliyokwisha kuliwa na kuoza, na ile iliyochimbwa.

Siku hizi wengi wetu tunazibiwa kwa resini, ile plastiki nyeupe inayogandishwa kwa taa ya buluu. Si mbaya. Inashikamana na jino, na bei yake iko chini ya kofia ya chuma. Lakini ina masharti. Ikiganda inasinyaa na kuvuta kuta za jino, ndiyo maana huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja kama milimita 2. Betri ya taa ikiwa dhaifu, resini ya chini inabaki laini. Mate yakiingia, haishiki.

Sharti kubwa ni hili: kuta zikibaki nyembamba, muganga apunguze vichwa vya gego na kuvifunika kwa resini hiyohiyo, unene wa milimita 2 hivi. Bila hivyo, kila tunapotafuna, zibo linasukuma kuta kama kabari inavyopasua ukuni.

Kuna watakaosema mtu aliyepoteza nyumba hana haja ya mambo ya meno. Mimi nakataa. Mkimbizi anayepewa mahindi na maharagi atayatafuna kwa nini? Wanaopanga misaada ya afya wasiishie kwenye koleo la kung'oa. Waweke pia resini, taa yenye betri nzima, na muganga aliyefundishwa kufunika gego.

Nawe mama, nawe baba, kabla ya kutoa pesa uliza maneno matatu: Kuta ngapi zimebaki? Utafunika vichwa vya jino? Zibo la muda litakaa siku ngapi? Na kama unajua kesho unaweza kuhama tena, mwambie muganga mapema, akupangie kumaliza kazi kabla hujashika barabara.