Ahadi Si Hisani: Meya wa Jana, Gavana wa Leo na Abiria Yule Yule



Kila mwaka wa uchaguzi Nairobi hujaa mabasi. Ni mabasi ya majukwaani, mabasi ya mabango, mabasi ya ramani zenye rangi za kupendeza. Kura zikishahesabiwa mabasi hayo hutoweka, na mwananchi wa Mukuru, wa Kibera na wa Dandora hurejea kwenye chombo ambacho hakijawahi kumwahidi chochote, nacho ni miguu yake miwili. Alfajiri huandamana na maelfu ya wenzake kuelekea Eneo la Viwanda, kando ya barabara zisizo na njia ya waendao kwa miguu. Mvua ikinyesha na akajaribu kupanda matatu, nauli ya asubuhi huwa imezaa pacha kabla ya jioni.

Tunasema wazi: usafiri wa umma jijini ni wajibu ulioandikwa katika Katiba. Anayetujia mwaka wa kura akiutoa kama zawadi ya mkono wake ameanza kutunyang'anya kilicho chetu kabla hata hajaapishwa. Na sisi tunaompigia makofi tunamsaidia kutuibia.

Tukumbushane tulikotoka. Katika mfumo wa zamani mwananchi hakumchagua meya. Alimchagua diwani, na madiwani wakajifungia ukumbini kumchagua meya, huku waziri wa serikali za mitaa akiwa na fimbo juu ya wote. Mwaka 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuliweka jiji chini ya tume ya walioteuliwa, hali iliyodumu hadi uchaguzi wa vyama vingi wa 1992. Miaka yote hiyo mkazi wa jiji kuu alilipa kodi na ada bila kuwa na hata diwani wa kumuuliza kituo cha basi kimekwenda wapi. Si ajabu kwamba Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alikuwa miongoni mwa waliosimama mwaka 1990 kudai vyama vingi, pamoja na Kenneth Matiba, na wote wawili wakatiwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba. Aliyewahi kuvaa mkufu wa umeya alijua vyema kwamba mkufu ule ulikuwa na mnyororo nyuma yake.

Utawala ule nao ulikuwa na mabasi yake. Mwaka 1986 lilianzishwa shirika la Mabasi ya Nyayo. Wananchi waliyapenda, kwa kuwa nauli ilikuwa nafuu na watumishi wake walikuwa na nidhamu. Lakini shirika lisilohojiwa na mtu huliwa na wenye meno, na katika miaka ya 1990 mabasi yale yaliporomoka yakabaki vyuma chakavu. Hapo ndipo tulipopaswa kujifunza kwamba basi bila uwajibikaji ni chuma tu kinachosubiri kutu.

Basi tukapigana. Wengine walipigwa marungu Kamukunji, wengine walilala rumande, na wachungaji wakatukanwa kwa yale waliyoyahubiri. Katiba mpya ikaja mwaka 2010, na tangu 2013 kiongozi wa jiji, anayeitwa sasa gavana, huchaguliwa moja kwa moja kwa kura zetu. Jedwali la Nne la Katiba linaitaja miongoni mwa kazi za kaunti kazi ya usafiri: barabara za kaunti, taa za barabarani, utaratibu wa magari na maegesho, na uchukuzi wa umma wa barabarani. Hakuna kisingizio kilichobaki. Je, tumevuna nini?

Mwaka 2015, chini ya gavana wa kwanza, mapipa yalipangwa kwenye mizunguko ya barabara kuu ili kuzuia magari kukata kulia. Msongamano ulihama tu kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, na mapipa yakaondolewa. Tarehe 3 Desemba 2018, chini ya gavana wa pili, matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Wazee, wajawazito na wagonjwa waliokuwa wakienda hospitali walishushwa nje ya mji na kumalizia safari kwa miguu. Kabla ya wiki kwisha amri ikasimamishwa. Aliyeitoa hakuwa amewaandalia watu hao hata gari moja la kuwatoa vituo vipya hadi mjini.

Serikali ya kitaifa haikubaki nyuma. Mwaka 2018 barabara ya Thika ilichorwa mstari mwekundu, tukaambiwa njia ya mabasi yaendayo kasi imefika. Njia tano za mabasi hayo zikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulifika na kupita kabla mnyama hata mmoja kati ya hao hajabeba abiria. Kilichofunguliwa kwa shangwe Mei 2022, miezi mitatu kabla ya kura, ni barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo anayepita juu yake hulipia. Mwenye gari akapanda juu. Mwenye miguu akabaki chini, akila vumbi la nguzo zake.

Lakini lililo zito kuliko yote lilitendeka tarehe 25 Februari 2020. Siku hiyo, katika Ikulu, gavana tuliyemchagua alitia saini hati ya kuikabidhi serikali ya kitaifa kazi nne za kaunti, na usafiri ulikuwa mmojawapo. Kile kilichopiganiwa kwa damu kilirudishwa kwa wino. Jiji likawekwa tena mikononi mwa wakubwa walioteuliwa, kama ilivyokuwa 1983, isipokuwa safari hii tulivuliwa nguo na mtu tuliyempigia kura wenyewe. Esau aliuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa sababu ya njaa. Sisi yetu iliuzwa tukiwa kwenye foleni ya matatu.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni wenye matatu: hao wakorofi, wasiotawalika, wanaoteremsha abiria popote. Hatuwatetei wahalifu. Lakini matatu zilikubaliwa rasmi mwaka 1973 kwa kuwa mabasi yaliyokuwapo hayakuufikia umma mpana, na hadi leo ndizo zinazoubeba mji ambao serikali imeshindwa kuubeba. Aidha, tuna ushahidi kwamba zinatawalika. Kanuni za waziri John Michuki zilitangazwa katika gazeti rasmi Oktoba 2003 na kuanza kutumika tarehe 1 Februari 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano, idadi maalumu ya abiria. Wenye magari waligoma, wananchi wakatembea, waziri hakurudi nyuma, na magari yakatii. Baadaye ulinzi ulipolegea na hongo za barabarani zikarudi, utiifu nao ulilegea.

Angalieni jambo moja katika habari hiyo. Mwaka 2004 haukuwa mwaka wa uchaguzi. Hakukuwa na fulana wala helikopta. Palikuwa na sheria iliyoandikwa, tarehe iliyojulikana na mtu mmoja mwenye jina aliyekubali kulaumiwa. Mageuzi ya kweli ya usafiri yana sura hiyo. Ahadi za majukwaani hazina hata moja kati ya hayo matatu.

Uchaguzi wa Agosti 2027 basi usitukute tumelala. Kila mgombea wa ugavana atakayefungua kinywa kuhusu usafiri na aulizwe maswali manne, hadharani, na majibu yake yaandikwe.

La kwanza: kwa mamlaka gani? Leseni za magari ya abiria hutolewa na mamlaka ya kitaifa, polisi wa barabarani ni wa kitaifa, na barabara kuu nyingi si za kaunti. Anayeahidi kumaliza msongamano atuambie ni lipi lililo mkononi mwake na lipi atakwenda kuliomba kwa mwingine.

La pili: kwa fedha zipi? Kaunti hukusanya ada za maegesho, na matatu zenyewe hulipa kila mwezi. Injili ya Luka inamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Mgombea asiyeweza kutuonyesha hesabu hiyo anaomba achekwe kama yule aliyeacha msingi bila mnara.

La tatu: kwa tarehe gani? Neno "hivi karibuni" halimo katika kalenda yoyote.

La nne: tutampimaje? Atutajie njia ngapi za waendao kwa miguu zitajengwa na wapi, mwenye kiti cha magurudumu atapandaje basi, na nauli itadhibitiwaje siku ya mvua. Akishindwa kutaja kipimo, hana nia ya kupimwa.

Nanyi waumini, mlango wa hila hii mara nyingi umekuwa mlango wa kanisa. Mgombea huja Jumapili na bahasha, hupewa kipaza sauti madhabahuni, huahidi mabasi na hushangiliwa kwa nyimbo za sifa. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango wa Rais, na nchi nzima ikaona kwamba kanisa laweza kusema hapana na paa lisianguke. Basi kila parokia na kila usharika uchague kamati ndogo ya watu wasionunulika. Wayapeleke maswali manne kwa wagombea, wabandike majibu kwenye ubao wa matangazo, na wasiyabandue baada ya kura. Wahudhurie vikao vya bajeti ya kaunti, ambavyo Katiba imetufungulia, wakiwa na majibu hayo mkononi.

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Tumekuwa wadai wabaya: tunamshukuru mdaiwa kwa kukopa, kisha tunaona haya kumdai. Vyama vingi vilitupa haki ya kumchagua anayetuongoza. Haki ya kumdai hatukupewa na mtu. Tumeiacha sisi wenyewe, na sisi wenyewe ndio wa kuiokota.

Anayetaka kura ya abiria na aje kituoni saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinyesha, ajibu maswali manne. Akikataa, tumpe jibu letu kwenye sanduku.