Kwa Mkapa hatoki mtu, isipokuwa anayecheza na Stars

Kuna swali linazunguka vijiweni tangu Oktoba 8, 2025, siku Zambia walipotufunga 1-0 pale Amaan, Zanzibar. Mzee mmoja ninapokunywa kahawa aliliuliza hivi: "Hivi hawa vijana wetu, nyumbani kwao ni wapi hasa?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikarudi nyumbani, nikachukua kalamu na karatasi. Nilichokikuta hakichekeshi hata kidogo.

Nilichukua mechi za kufuzu mashindano matatu ya mwisho: AFCON 2023, AFCON 2025 na Kombe la Dunia 2026. Ukiweka pembeni zile pointi tatu za mezani tulizopata Congo Brazzaville walipofungiwa, Taifa Stars imeingia uwanjani mara 19. Tisa nyumbani, kumi ugenini.

Ugenini imeshinda tano, sare tatu, imefungwa mbili. Imefunga mabao tisa.

Nyumbani imeshinda mbili, sare moja, imefungwa sita. Imefunga mabao mawili.

Rudia kusoma hapo. Mabao mawili katika mechi tisa za nyumbani. Na yote mawili kafunga mtu mmoja, Simon Msuva: moja dhidi ya Niger Juni 2023, jingine dhidi ya Guinea Novemba 2024. Kwa zaidi ya miaka mitatu, shabiki wa Stars anayelipa kiingilio nyumbani kwenye mechi za kufuzu ameruka kwenye kiti mara mbili tu, na mara zote mbili ni Msuva aliyemrusha. Siku Msuva akistaafu, sijui tutaruka kwa ajili ya nani.

Hii ya Kombe la Dunia ndiyo imetia chumvi kwenye kidonda. Nyumbani tumecheza mechi tatu. Morocco wakatupiga 2-0. Hao waacheni, hao ni Morocco. Niger wakaja Septemba 9 pale Amaan wakatupiga 1-0. Zambia nao wakaja, 1-0. Niger hawa hawa tuliwafunga Marrakech kwa bao la Charles M'Mombwa. Zambia hawa hawa tuliwafunga kwao Ndola, bao la mapema la Waziri Junior, tukarudi nchini vifua mbele. Pointi zote saba tulizozivuja jasho kwenye kundi hili tumezipata nje ya nchi. Nyumbani, kwa miguu yetu wenyewe, hatujapata hata moja. Hata bao hatujafunga.

Sasa shabiki akikasirika anaambiwa hana uzalendo.

Hapo ndipo mimi ninapokataa. Kila Stars ikifungwa nyumbani lazima atokee mtu wa kusema mashabiki hawakuja, au walikuja hawakushangilia, au walishangilia klabu zao badala ya nchi. Ndugu zangu, mtu ametoka kazini, kagombania daladala, kanunua tiketi, kavaa jezi ya taifa, kakaa dakika 90 bila kuona bao. Keshokutwa unamuita tena. Uzalendo wa namna gani tena unautaka kwake?

Na kama tatizo ni mashabiki au uwanja, mbona klabu haziugui ugonjwa huu? Msemo wa "kwa Mkapa hatoki mtu" haukuanzishwa kwa utani. Al Ahly, klabu yenye makombe mengi kuliko zote Afrika, imekuja pale ikafungwa 1-0 na Simba mwaka 2019, ikarudi 2021 ikafungwa 1-0 tena. Watu ni wale wale, viti ni vile vile, joto ni lile lile la Dar es Salaam. Ikija zamu ya Stars, kwa Mkapa kila mtu anatoka, tena na pointi zake mfukoni. Tukavuka bahari kwenda Amaan, mambo yakawa yale yale.

Wengine wanasema kocha. Haya, tuhesabu. Katika mechi hizo tisa tumekuwa na Kim Poulsen, tukawa na Adel Amrouche, kisha tukawa na Hemed Suleiman 'Morocco'. Makocha watatu, wa mataifa matatu, falsafa tofauti. Nyumbani wote wameteseka. Ukibadilisha dereva mara tatu na gari linazimika mlima ule ule, acha kumtukana dereva. Fungua boneti.

Kabla sijafungua boneti, niwe mkweli. Ugenini wetu mwingine ni wa jina tu. Katika mechi zile kumi, tano zilichezwa kwenye nchi ambayo si yetu wala ya mpinzani, kwa sababu wenyeji hawakuchezea nyumbani kwao. Uganda tuliwafunga Ismailia, Misri. Guinea tuliwafunga Yamoussoukro, Ivory Coast. Ethiopia tuliwafunga Kinshasa. Niger mara moja tulicheza nao Cotonou, mara nyingine Marrakech. Ushindi wetu tano wa ugenini, ni mmoja tu wa Ndola uliopatikana mbele ya mashabiki halisi wa mpinzani. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba sisi ni simba wa safari.

Lakini hata ukikata hesabu hiyo, swali la mzee wa kahawa linabaki. Kwa nini timu hii inapumua vizuri ikiwa mbali na watu wake?

Jibu langu ni hili. Stars ni timu inayojua kuzuia na kusubiri. Ugenini ndicho kinachotakiwa. Mpinzani anatoka, anaacha nafasi nyuma, sisi tunazuia, tunapora, tunapiga kaunta, Msuva au Feisal Salum anamaliza, tunapaki basi, tunarudi na pointi. Hakuna anayedai tupige pasi 20.

Nyumbani mambo yanageuka. Anayekuja kupaki basi ni mgeni. Sare kwake ni sherehe. Sisi ndio tunatakiwa kufungua mlango, na funguo hatuna. Viungo wanapasiana pembeni, krosi zinaingia mikononi mwa kipa, straika anashuka mpaka katikati kutafuta mpira. Dakika ya 30 jukwaa linaanza kunung'unika. Dakika ya 60 kila mchezaji anataka awe shujaa. Mabeki wanapanda bila mpango, nyuma kunabaki uwanja wa mazoezi.

Ndiyo maana tunafungwa mwishoni. Machi 2023 Uganda walitufunga pale kwa Mkapa dakika za lala salama, siku nne tu baada ya sisi kuwafunga wao. Oktoba 2024 DR Congo walikuja, tukabanana nao mpaka karibu na filimbi ya mwisho, wakatupiga mawili ya harakaharaka. Timu inayofungwa hivyo haijakosa moyo. Imefanya kitu ambacho haikukifanyia mazoezi.

Na hapa ndipo penyewe. Kuzuia unaweza kumfundisha mchezaji mzuri ndani ya siku tatu: simama hapa, mfuate huyu, usivuke mstari huu. Kushambulia timu iliyojifungia hakufundishiki kwa siku tatu. Ni mazoea. Winga anatakiwa ajue beki wake wa pembeni anapita saa ngapi bila kumtazama. Kiungo anatakiwa ajue straika anapenda mpira mguuni au mbele. Mchezaji anayetua Jumapili kutoka klabu yake, akafanya mazoezi Jumatatu, akacheza Jumanne, atalijulia wapi hilo?

Nani anabisha? Ushahidi tunao wa Agosti 2025. Kwenye CHAN, Stars ya wachezaji wa ndani ilicheza pale pale kwa Mkapa. Ikawafunga Burkina Faso 2-0, ikawafunga Mauritania 1-0, ikawafunga Madagascar 2-1, ikatoka suluhu na Afrika ya Kati, ikaongoza kundi. Ikatolewa robo fainali 1-0 na Morocco, ambao ndio waliobeba kombe. Jukwaa lilikuwa linaimba. Hakuna aliyetukanwa uzalendo.

Angalieni nani walifunga. Dhidi ya Burkina Faso, bao moja alifunga Mohamed Hussein 'Tshabalala'. Dhidi ya Mauritania alifunga Shomari Kapombe. Hao ni mabeki wa pembeni! Beki wa pembeni hafiki kwenye boksi la mpinzani kwa bahati. Anafika kwa sababu anajua nani anamfunikia nyuma, na anajua kwa sababu wamekaa kambini pamoja kwa wiki kadhaa, na wengi wao wanachezeana kila wiki kwenye ligi. Dhidi ya Madagascar, Clement Mzize akafunga yote mawili. Kumbe straika yupo. Akipelekewa mpira, anafunga.

Sasa mtu ataniambia CHAN si AFCON, wapinzani wale hawakuwa na nyota wao wa Ulaya. Sawa. Na sisi hatukuwa na Msuva wala Mbwana Samatta. Ngoma droo.

Kwa hiyo mimi siombi kocha mpya, wala sadaka ya kuondoa mkosi. Ninaomba mambo matatu ya kawaida kabisa.

Kwanza, TFF waijenge timu juu ya wale waliocheza CHAN, na wanaotoka nje waingizwe humo, badala ya kuanza upya kila wanapoitana.

Pili, mechi za kirafiki. Tukipata tarehe, tutafute timu ndogo inayokuja kupaki basi, tucheze nayo hapa hapa nyumbani, mbele ya watu. Kucheza na wakubwa huko nje tunajifunza kuzuia, na kuzuia tunajua tayari.

Tatu, tuambiwe ukweli. Baada ya Zambia, shabiki hakutaka kusikia "tunajipanga". Alitaka mtu mmoja asimame aseme: nyumbani hatufungi mabao, tumeliona, na tutafanya hivi na hivi. Shabiki wa Tanzania ni mvumilivu sana. Amesubiri AFCON kutoka 1980 mpaka 2019. Asichoweza kuvumilia ni kuambiwa kosa ni lake.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili sasa? Desemba 2025 tulikwenda AFCON kule Morocco, kundi moja na Nigeria, Tunisia na Uganda. Ilikuwa ugenini. Huko sikuwa na hofu kubwa.

Hofu yangu ni 2027. Mwaka huo AFCON inakuja kwetu, sisi na Kenya na Uganda. Tutajenga viwanja, tutapaka rangi barabara, tutawapokea wageni kwa ngoma uwanja wa ndege. Halafu filimbi italia, na wageni hao watashuka uwanjani wakiwa wamesoma karatasi hii hii niliyoiandika mimi. Watapaki basi. Watasubiri dakika ya 85.

Uwanja wa Uhuru, jirani wa Mkapa, tulikuwa tunauita Shamba la Bibi. Lilikuwa jina la mapenzi. Sasa hivi ndivyo wageni wanavyoiona nyumba yetu yote, bara na visiwani: shamba la bibi kweli kweli, kila mpita njia anachuma embe. Tuna muda mpaka 2027 wa kujenga uzio. Wakati huo ukiisha kabla hatujajenga, mzee wangu wa kahawa atauliza tena swali lake, na safari hiyo Afrika nzima itakuwa sebuleni kwetu ikisikiliza.